Kiswahili Njoo, Mtoto Baki

Jamani, vigelegele vimezidi. Kila ikifika 7 Julai tunavaa fulana, tunapanda jukwaani, tunaghani, tunapigiana makofi. SADC imekifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019. UNESCO imekipa siku yake mwaka 2021. Umoja wa Afrika umekiingiza miongoni mwa lugha zake za kazi mwaka 2022. Safi sana, na mimi nimo kwenye kushangilia. Lakini sijapata kumsikia mgeni rasmi hata mmoja akieleza Kiswahili kinasafirije. Anavyokitaja utadhani ni korosho, kwamba kinatiwa magunia Mtwara, kinapakiwa melini, huko kinakokwenda wanabangua wenyewe.

Kiswahili kinasafiri mdomoni mwa mwalimu, washikaji. Na mwalimu huyo ana mume au mke, ana mtoto anayenyonya, ana mama mzazi aliyebaki kijijini. Hoja yangu ni moja na sitaizungusha: nchi za watu zinautaka ulimi wa mwalimu wetu na kuikataa familia yake, na sisi tunaojiita wenye lugha tunaitikia hewala, tena kwa ngoma.

Tuanze na ule mpango unaopendwa kuliko yote vyuoni, mpango wa Fulbright wa wasaidizi wa kufundisha lugha. Wengi mnaosoma ukurasa huu mmeujaza au mna rafiki aliyeujaza. Kijana wa miaka 21 mpaka 29 mwenye digrii anapelekwa kwenye chuo cha Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo, yaani miezi tisa hivi. Anasaidia kufundisha Kiswahili, na yeye anachukua somo moja mawili ambayo hayampi shahada. Tiketi wanalipa wao, posho wanatoa wao. Ni dili la maana, sisemi siyo. Ila katika masharti yake limo hili: mshiriki haji na mwenzi wala mtoto.

Hapo ndipo pa kufumbua macho. Viza anayopewa inaitwa J-1. Sheria ya Marekani inamruhusu mwenye J-1 kumwombea mume au mke, na watoto walio chini ya miaka 21, viza iitwayo J-2. Mtafiti anayekwenda huko kwa J-1 anaweza kwenda na watu wake. Mwalimu wa shule za sekondari za huko anayekwenda kwa J-1 anaweza pia. Kwa hiyo mlango wa sheria uko wazi, na aliyeweka komeo ni mpango wenyewe. Watu waliketi mezani wakachagua umri ambao kwetu ndio wa kuoa, kuolewa na kuzaa, halafu wakaandika kwamba mtoto asije.

Ukiwauliza watakwambia ni gharama za bima na nyumba. Yawezekana. Lakini kuna jambo lingine ambalo kila aliyepanga foleni ya viza analijua hata kama hajui jina lake. Sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952, kifungu cha 214(b), inamwagiza ofisa wa dirishani amhesabu mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe kinyume chake. Utathibitisha kwa nini wewe mwalimu wa mshahara wa kuungaunga? Shamba halina hati. Nyumba ni ya baba. Kinachobaki ni watu. Una mke? Una mtoto? Wanabaki huku? Ukijibu wanabaki, faili linanawiri. Ukijibu naomba twende wote, ushahidi wako umeyeyuka palepale dirishani.

Kwa Kiswahili chetu kitu unachokiacha kwa mwenye duka ili akuamini kinaitwa rehani. Watu huweka rehani redio, baiskeli, pete. Mwalimu wa Kiswahili anaweka mtoto.

Mtu atanirukia hapa: mjomba, hizo habari zimeshapitwa na wakati, huko kwenyewe kumefungwa. Kweli. Oktoba 2025 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya kutembea Marekani anaweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000 mpaka 15,000. Kabla hatujamaliza kubadilisha hizo dola kwa shilingi, likaja tangazo la Rais wa Marekani la 16 Desemba 2025, lililoanza kutumika 1 Januari 2026, likatuweka miongoni mwa nchi zilizofungiwa kwa sehemu. Viza za J zimo. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu wetu wanapitiliza muda. Sasa hesabu mwenyewe: tumeacha watoto rehani miaka yote, na bado hatukuaminika. Ndiyo maana nasema maneno haya yasemwe leo mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu siku ukifunguliwa nusu tutakimbilia na vigelegele vyetu na hakuna atakayesoma masharti.

Nije nyumbani. Kwetu ni Gehandu, na hapo tu mtihani umeanza, kwani Gehandu ziko mbili. Kuna kata ya Gehandu ya Mbulu na kuna kata ya Gehandu ya Hanang. Sisi Wairaqw hatujapata kupotezana kwa sababu hiyo; ukisema unakwenda Gehandu utaulizwa unakwenda kwa nani, yameisha. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni wa Gehandu ya Hanang. Shemeji yangu, mumewe, ni wa Gehandu ya Mbulu. Wote wawili ni walimu. Dada alipata kazi ya kufundisha Kiswahili ng'ambo, mara ya kwanza kwa mwaka mmoja bila familia, akamwacha mtoto wa mwaka mmoja na miezi miwili kwa bibi yake. Mara ya pili akapata mkataba wa miaka miwili kwenye shule, na safari hii karatasi zikasema familia inaruhusiwa. Nchi siitaji wala ubalozi siutaji, kwa kuwa faili bado liko mezani mwa mtu.

Mimi ndiye niliyekuwa mbeba bahasha. Nimeijua barabara ya Katesh mpaka Babati kwa bahasha hiyo kuliko nilivyoijua kwa shule.

Walitaka cheti cha ndoa. Dada na shemeji walioana kimila: mahari ilitolewa, wazee walikaa, pombe ilinywewa, mbaraka ukatolewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa hiyo kama inavyoitambua ya kanisani. Lakini ndoa ya kimila haina karatasi mpaka uifuate karatasi, na wao waliifuata baada ya kuambiwa inatakiwa. Basi tarehe ya usajili ikawa mbele ya tarehe ya mtoto kuzaliwa na mbele ya tarehe ya mkataba wa kazi. Mtu wa Gehandu akiona tarehe hizo anaona watu waliokuwa na shughuli zao. Mtu wa dirishani anaona ndoa ya kutengeneza.

Walitaka cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kilikuwepo, kimetolewa mtoto ana miaka mitatu. Wakataka kujua mbona kimechelewa. Kadi ya kliniki ilikuwa na kila chanjo na kila kilo, ila kadi ya kliniki kwao siyo hati. Halafu wakaona baba mahali pa kuzaliwa ni Gehandu, Wilaya ya Mbulu, na mtoto ni Gehandu, Wilaya ya Hanang, wakaandika kwamba maelezo yanapingana. Shemeji akaandika barua ya kurasa mbili kuwaeleza jiografia. Nilimwambia achore na ramani, akachora kweli.

Walitaka picha za harusi. Picha zilikuwa kwa mjomba, Katesh. Nyumba ya mjomba ilikwenda na tope la Mlima Hanang asubuhi ya 3 Desemba 2023, siku iliyoua watu zaidi ya 80. Mjomba mwenyewe alipona. Nani angethubutu kumuuliza mtu kama huyo habari za albamu?

Wakataka, mwisho, ushahidi kwamba mume na mke wanawasiliana. Shemeji akachapisha stesheneri kurasa 60 za WhatsApp, nusu yake ni "salio limeisha" na "mtandao unakata". Nusu nyingine ni Kiiraqw. Hapo ndipo nilipocheka nikiwa na hasira. Mke ni mwalimu wa Kiswahili, mume ni mwalimu wa somo hilohilo, na wakipendana wanapendana kwa Kiiraqw, kama watu wengi wa kwetu. Ubalozi ukataka tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Mfasiri wa Kiiraqw aliyeapishwa hatukumpata Arusha wala Dar es Salaam.

Jibu lilikuja karatasi moja: uhusiano haujathibitishwa. Ada haikurudi.

Mtoto sasa ana miaka mitano. Anamwita mama yake kwa jina, kama bibi anavyomwita, maana hilo ndilo jina analolisikia nyumbani. Na dada huko aliko, wiki ya tatu ya kila muhula, anafika kwenye somo ambalo kila kitabu cha Kiswahili kwa wageni lazima kiwe nalo: familia yangu. Baba, mama, kaka, dada, shangazi, mjomba. Mwalimu anatakiwa aonyeshe picha za nyumbani kwake ili darasa lichangamke. Wanafunzi wanauliza kwa Kiswahili chao kibichi: mtoto wako yuko wapi? Anawasahihisha matamshi, anajibu, wanaandika jibu kwenye daftari.

Wenzangu wa kalamu, msidhani mambo haya yameletwa na kompyuta za viza. Yana umri wa zaidi ya karne, na aliyeyapata kwanza ni mwandishi mwenzetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake ndiyo uti wa mgongo wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, alichukuliwa mwaka 1900 kwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani waliokuwa wanajiandaa kuja kututawala. Ulimi wake ulikaribishwa vizuri. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske, kwa ndoa halali ya hukohuko. Mwaka uliofuata akapanda meli na mkewe kurudi nyumbani. Serikali ya kikoloni ikawakatalia kuteremka. Mtu yuko mbele ya pwani yake, lugha yake inasikika kwenye mashua zilizozunguka meli, na haruhusiwi kukanyaga kwa sababu ya aliyefuatana naye. Waliandika maombi, hayakusaidia, wakarudishwa Ujerumani. Alikuja kufundisha tena, Hamburg. Alikufa Berlin mwaka 1927.

Yeye alizuiwa kuingia kwao na mke, dada yangu anazuiwa kumwita mume aliko. Meli imekuwa ndege na gavana amekuwa dirisha la kioo. Tunamsoma Mtoro kwa ajili ya unyago, jando na majini, tunamwandikia na tasnifu. Hilo la meli hatulifundishi, na mimi naona ndilo linalomfanya awe wa leo.

Sasa waje wenye majibu mepesi. Wa kwanza husema, miezi tisa ni nini bwana, wanajeshi wanakaa zaidi. Mwanajeshi anapelekwa vitani. Huyu anakwenda kufundisha ngeli. Na miezi tisa kwa mtoto wa mwaka mmoja ni kutembea, kusema na kumjua mama ni nani, yote mara moja. Wa pili husema ni hiari, hakuna aliyelazimishwa. Hapo nakasirika kidogo. Mwambie hayo mwalimu wa mkataba wa kujitolea aliyemaliza chuo miaka sita iliyopita na hajapata ajira. Hiari ya mtu mwenye njaa mnaijua. Wa tatu ndiye hatari, mshikaji wa mtaani, anasema dada fala, angepitiliza tu huko akabebe boksi, familia ingefuata mbele ya safari. Huyo ndiye anayelipa lile dirisha sababu yake, na gharama inamwangukia anayekuja nyuma yake na karatasi safi.

Sidai kwamba dunia nzima ni Marekani. Kwingine familia inaruhusiwa ila inauzwa. Uingereza, tangu 6 Februari 2024, watu wazima wengi wanaoingia kwa viza ndefu wanalipia huduma ya afya paundi 1,035 kwa mwaka, mtoto paundi 776, na zote zinalipwa kwa mkupuo kabla viza haijatoka. Mwalimu mwenye mwenzi na mtoto mmoja, kwa miaka mitatu, anatoa paundi 8,538 kabla hajaona chaki, na hapo bado ada za viza zenyewe. Nchi hiyohiyo mwaka 2024 iliwakatalia wahudumu wa wazee kuja na watoto wao, na wanafunzi wengi pia. Leo wahudumu, kesho nani? Falme za Kiarabu wao wamenyoosha maneno: mshahara dirhamu 4,000, au 3,000 ukiwa na nyumba, ndipo uilete familia. Kikatili, lakini angalau bei unaijua kabla ya kupanda ndege.

Na msiniambie kwamba haiwezekani kuandika vizuri zaidi, kwa sababu sisi wenyewe tumeandika. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 1 Julai 2010, kifungu cha 10, inasema mfanyakazi ana haki ya kufuatana na mwenzi wake na mtoto wake. Utekelezaji unachechemea, hilo kila mvuka mpaka analijua. Lakini maneno yapo, yamesainiwa, na walioyatunga ni watu wa hapahapa wanaokula ugali. Basi kwa nini wakubwa wetu wakienda kutangaza kwamba tutapeleka walimu wa Kiswahili kusini na magharibi mwa Afrika, Asia na Ulaya, maneno hayo wanayaacha ofisini? Nasikia idadi ya walimu, nasikia vitabu na kamusi. Neno "mwenzi" silisikii.

Jibu nadhani ninalo, nalo linauma. Serikali haiwezi kuwadai wageni kitu ambacho yenyewe imeshindwa kuwapa walimu wake nyumbani. Muulize mwalimu yeyote maana ya kuhama kumfuata mwenza. Mume anafundisha Haydom, mke yuko Masasi, barua imepita kwa mkuu wa shule, kwa ofisa elimu, kwa mkurugenzi, imerudi, imepotea, imeandikwa upya. Wengine huishia kutafuta kwenye magrupu mtu wa kubadilishana naye kituo, mithili ya watu wanaobadilishana mbuzi mnadani. Kama kutoka Masasi hadi Mbulu kunachukua miaka, huko ughaibuni nani atatusikiliza tukidai miezi?

Hata hivyo pa kuanzia papo. BAKITA ina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili, watu walio tayari kuitwa kufundisha wageni. Wanaandika elimu yako na uzoefu wako. Waongeze sehemu moja tu: una mwenzi, una watoto wangapi, unakwenda nao au unawaacha kwa nani. Waziri akisafiri kwenda kusaini makubaliano, awe na jumla ya sehemu hiyo mkononi. Na huku nyuma, ofisi za wilaya zikitoa cheti cha ndoa ya kimila ziandike na siku wazee walipokaa pamoja na siku ya usajili, ili mtu wa dirishani aone kwamba watu hawa walikuwa mume na mke kabla ya yeye kuwahitaji. Hilo halihitaji balozi.

Sasa nyie na mimi, wa ukurasa huu. Hadithi zetu za majuu zimekuwa ni zilezile: jamaa kaenda, kalewa mshiko, kaoa mzungu, kasahau kwao, karudi na begi moja. Nimeandika mbili za aina hiyo na nimesoma labda mia. Katika zote hizo aliyeondoka ndiye mkosaji. Sijasoma hata moja ambayo mhusika wake mbaya ni sharti la mstari mmoja kwenye fomu. Sijasoma hadithi ya mume mwalimu, kabaki na mtoto, anachapisha mapenzi yake stesheneri kwa shilingi mia ukurasa ili mgeni ayapime. Ipo, inatembea kwa miguu hapa Gehandu, inakwenda kuchota maji jioni.

Na nyie wa ushairi, 7 Julai ijayo mkipewa kipaza sauti kwa zile dakika tatu zenu, msighani. Someni masharti ya mikataba hiyo kama yalivyo, kwa sauti, sentensi kwa sentensi, mgeni rasmi akiwa ameketi mbele. Nakala ninazo, nitawaletea.